Anayelipa anadai kuambiwa, mgonjwa hataki

Swali

Shikamoo Daktari.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno katika kliniki ndogo. Naandaa vifaa, nashika bomba la kunyonya mate, nachanganya dawa za kuziba, napiga eksirei, na mapokezi wakizidiwa napokea simu na kutafuta mafaili. Kazi hii naipenda. Nakuandikia kwa sababu nimebanwa pande mbili, na watu wote ambao ningeweza kuwauliza wanamfahamu mhusika.

Binti wa mama yangu mdogo, mwenye miaka 22, alikuja kutibiwa kwetu. Meno yake ya mbele ya juu yamelika upande wa ndani, yamekuwa membamba hadi mwanga unapenya kwenye kingo, na akinywa kitu cha baridi anaumia. Daktari alimwuliza taratibu kama huwa anatapika. Alinyamaza, kisha akakubali. Alisema kwa muda mrefu amekuwa akijitapisha baada ya kula, na akatuomba mama yake asijue. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Anayelipa ni mama mdogo, na kazi inayotakiwa kwenye meno yale ni ya gharama kubwa. Sasa ananipigia simu mara kwa mara. "Mwanangu, siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ulikuwepo. Mwanangu ana nini?" Nikimwambia siruhusiwi kusema, anaanza kutaja mwenyewe. Ana mimba? Ana virusi? Anavuta vitu vibaya? Anasema hataki maelezo, anataka ndiyo au hapana tu, na kwamba nikinyamaza atajua ni kweli. Naona anavyoteseka. Juzi alilia. Sijamjibu hata moja, ila kila siku najiuliza: kuna ubaya gani nikimwambia angalau kwamba si mimba wala virusi, ili apate usingizi? Hayo si ya kweli, kwa hiyo nikiyakanusha sijatoa siri ya mtu.

La pili linamhusu bosi wangu. Meno ya binti aliyapiga picha kwa simu yake mwenyewe, akaituma picha hiyo pamoja na eksirei kwenye kundi la WhatsApp la madaktari wa meno, kuomba mawazo ya namna ya kuyajenga upya. Uso hauonekani, lakini kidoti chake juu ya mdomo kinaonekana, na jina liko kwenye kona ya eksirei. Katika kundi hilo yumo daktari anayesali pamoja na mama mdogo. Tena bosi anasema kazi ikikamilika ataiweka kwenye ukurasa wa kliniki, picha ya kabla na ya baada, kwa sababu ni kazi ya kuonyesha. Nilimdokezea tu, akacheka, akasema meno hayana jina. Ni mzee wetu, amenifundisha karibu kila ninachokijua, wala si mtu mbaya. Nimwambieje bila kuonekana namfundisha kazi? Na binti nimwambie kwamba picha yake imezunguka?

Ni mimi mwanao. Jina langu nakuomba usilitoe.

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wangu wajue kwanza kwamba barua hii waliyoisoma si ile niliyoipokea. Nimekubaliana na mwandishi tubadilishe mengi kabla ya kuichapa. Undugu uliotajwa sio wenyewe, umri sio wenyewe, alama iliyo usoni sio yenyewe, na hata ugonjwa sio huo. Nimeweka mwingine unaofanana nao kwa mambo matatu: unaacha alama mdomoni, mgonjwa huwaficha nduguze, na usipotibiwa unaweza kuua. Na kwako mwandishi, siku nyingine ukitaka ushauri, kwangu au kwa yeyote, anza na maelezo machache kuliko uliyonipa. Ulichohitaji kuniambia ni kwamba mgonjwa mtu mzima amekataza ndugu anayemlipia asiambiwe. Nikihitaji zaidi nitauliza.

Sasa tuje kwenye lako. Mama yako mdogo analipa, na malipo hayo yanampa haki. Ana haki ya kujua kiasi anachodaiwa, tarehe ya huduma, na kwamba fedha yake imefanya kazi iliyokusudiwa. Apewe risiti yake. Lakini fedha inanunua matibabu, hainunui maneno ambayo mgonjwa ameyasema akiwa amelala kwenye kiti mdomo wazi. Haya ni ya binti. Si ya mama, si ya kliniki, wala si yako. Angekuwa mtoto mdogo tungezungumza tofauti, kwa kuwa mzazi ndiye anayemwamulia mtoto, ingawa hata mtoto aliyekwishakua anastahili kusikilizwa kwanza, na sheria za nchi mbalimbali haziuweki mpaka huo mahali pamoja. Binti wa miaka 22 mwenye akili timamu ameshauvuka mpaka wowote ninaoujua.

Wajibu huu ni wa kale kuliko kliniki zetu zote. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, kilichoandikwa Ugiriki ya kale karne kadhaa kabla ya Kristo, tayari kinamtaka tabibu anyamaze juu ya aliyoyaona na kuyasikia yasiyofaa kusemwa nje. Tamko la Geneva, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1948 na kurekebishwa baadaye, ambalo madaktari duniani wanalitumia kama kiapo cha zama hizi, sasa linalinda siri ya mgonjwa hata baada ya kufa kwake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi nazo, iwe ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2018, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, zinaziweka habari za afya kwenye fungu linalohitaji ulinzi wa ziada. Wala usidhani hayo ni ya madaktari peke yao. Nchini Uingereza wasaidizi wa meno husajiliwa na baraza lile lile linalowasajili madaktari wa meno, na kanuni ya kulinda taarifa za mgonjwa inawabana wote sawasawa. Popote ulipo, siri ikishaingia chumbani inamfunga kila aliyemo: daktari, wewe, wa mapokezi anayefungua faili, na fundi anayetengeneza kofia za meno, yaani vifuniko vinavyovishwa juu ya jino lililoharibika.

Swali lako kuhusu kukanusha ndilo lililonifanya niichague barua yako kati ya nyingi. Umeuliza vizuri, na nimeona watu wenye nia njema wakinaswa hapo hapo.

Tuseme leo umemwambia mama mdogo kwamba binti hana mimba. Atashukuru, atalala. Kesho atauliza virusi, nawe utakanusha. Keshokutwa atauliza dawa za kulevya, utakanusha tena. Mama anayemjua mwanawe hakosi maswali. Ameona binti akiondoka mezani haraka, amesikia maji yakifunguliwa bafuni baada ya chakula. Siku moja atauliza lililo sahihi, na siku hiyo utanyamaza. Kunyamaza kwako, baada ya kukanusha mara tatu au nne, kutakuwa kumemweleza kila kitu. Wewe hukutoa siri kwa neno lolote la uongo au la kweli, lakini uliondoa majani yote mpaka likabaki moja.

Tena kuna ubaya mwingine usiomhusu binti huyu hata kidogo. Mwaka ujao atakuja mama mwingine, ambaye mwanawe kweli ana mimba na hajawa tayari kumwambia. Mama huyo amesikia kwamba wewe ukijua mtu hana mimba huwa unasema. Atakuuliza, na safari hii utasema huruhusiwi. Ndiyo kusema umemjibu. Ukimya unalinda pale tu unapokuwa haubadiliki. Lazima ukae kimya kuhusu mgonjwa aliyekuja kusafishwa meno na kurudi nyumbani, kwa sauti ile ile na kwa maneno yale yale unayotumia kuhusu mwenye ugonjwa anaouonea aibu.

Kwa hiyo umefanya sawa kutomjibu hata moja, na uendelee hivyo. Ila usimwache mama peke yake na hofu. Nadhani kinachomtesa si kutojua tu, ni kuona mlango umefungwa na wewe, mtoto aliyemlea, umesimama mlangoni. Kaa naye ana kwa ana, si kwa simu, umwambie kitu kama hiki:

"Mama mdogo, sizungumzi habari za mgonjwa yeyote nje ya kliniki. Hata angekuja kuzibwa jino moja nisingesema. Hata ungekuja wewe, na mwanao akaniuliza habari zako, nisingemwambia. Kwa hiyo nikinyamaza usichukue kwamba kuna baya, wala usichukue kwamba hakuna. Mwulize mwenyewe. Usimwulize kama polisi, mwambie unampenda na kwamba lolote atakalosema hutamfukuza."

Hayo ya mwisho yana uzito kuliko yote yaliyotangulia. Wewe huwezi kumpa mama habari, lakini unaweza kumsaidia awe mtu ambaye habari inaweza kupelekwa kwake. Tena kumsikiliza unaruhusiwa. Akikueleza anachokiona nyumbani, msikilize, na ukitaka mwambie ampigie daktari aeleze mwenyewe. Siri inakuzuia kutoa, haikuzuii kupokea. Tahadhari moja tu: usimwahidi kwamba binti hatajua alichosema.

Upande wa binti nao una kazi, tena nina hofu kwamba kwenye kliniki yenu imefanyika nusu. Kuona meno yaliyolika upande wa kaakaa ni jambo ambalo daktari wa meno mara nyingi hulifikia kabla ya daktari mwingine yeyote, kwa sababu tindikali ya tumboni hupita hapo na kula enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, na mtu anaweza kuishi na tabia hiyo miaka bila uzito wake kubadilika sana. Lakini hatari yake haiko kwenye meno. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka mno mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Binti anahitaji daktari wa mwili na mtu wa kumsaidia kwenye upande wa akili na hisia. Je, bosi wako alimwambia hayo? Alimwomba ruhusa ya kumwandikia barua ya rufaa? Kumtunzia mgonjwa siri kisha kumwacha arudi nyumbani na hatari yake si kumtunza. Mkumbushe daktari jambo hili, na ulifanye kuwa la kwanza, kabla hata ya habari ya picha.

Aelezwe pia habari za meno yenyewe kwa ukweli. Baada ya kutapika asikimbilie mswaki, kwa sababu enameli iliyolainishwa na tindikali husuguliwa na kutoka. Asukutue kwa maji, au kwa dawa ya kusukutua yenye floridi, na mswaki usubiri kama saa nzima. Kazi kubwa ya kujenga meno upya kwa kawaida hungojea mpaka kutapika kumedhibitiwa. Kwa sasa meno hufunikwa kwa njia za muda kupunguza maumivu, maana kofia za gharama zikiwekwa juu ya jino ambalo bado linamwagiwa tindikali hazitadumu. Akilielewa hili, binti mwenyewe anaweza kuona kwamba kumficha mama anayelipa kuna mwisho. Daktari anaweza kumwuliza: ungependa mama aambiwe nini, na nani, na lini? Ungependa tumwambie ukiwepo? Wagonjwa wengi wanaosema "mama asijue" wanamaanisha "mama asijue leo, tena asijue kwa mdomo wa mtu mwingine." Akitoa ruhusa, iandikwe kwenye faili ameruhusu nini hasa. Asiporuhusu, iandikwe hivyo pia, na isiwe sababu ya kununiwa.

Kwa kuwa wewe ni ndugu yake, mwulize faraghani kama angependa msaidizi mwingine amhudumie. Akisema ndiyo, usiumie. Na iwe hivyo au vinginevyo, faili lake usilifungue siku ambayo huna kazi nalo, hata kwa nia ya kujua anaendeleaje.

Yapo mazingira ambayo siri hulazimika kutoka: mtoto anayeonyesha dalili za kupigwa au kutendewa ukatili, amri ya mahakama, magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe, na hatari ya karibu ya kifo kwa mgonjwa au mtu mwingine. Hata hapo hutolewa kile tu kinachohitajika, kwa anayepaswa kukipata tu, na mgonjwa huambiwa kabla inapowezekana. Binti akianguka kwenye kiti, moyo unakwenda ovyo, wahudumu wa dharura waambieni kila kitu bila kusita. Lakini wasiwasi wa mama, hata uwe mkubwa namna gani, haumo kwenye orodha hiyo. Na uamuzi wa kuvunja siri si wako wewe msaidizi kuufanya ukiwa peke yako usiku na simu mkononi. Mpelekee daktari.

Nije kwa bosi wako. Usemi wake kwamba meno hayana jina nimeusikia kwa wengi, na najua hausemwi kwa ubaya. Daktari huona jino; mwenye jino hayupo tena machoni pake. Lakini meno yana jina, pengine kuliko uso. Mwaka 1776 mwili wa Joseph Warren, daktari aliyekuwa ameuawa vitani Marekani mwaka mmoja kabla, ulitambuliwa na Paul Revere, mfua fedha aliyefanya pia kazi za meno, kwa meno bandia ambayo Revere mwenyewe alimtengenezea. Mwaka 1897 jengo la maonyesho ya hisani liliteketea Paris, na baadhi ya waliokufa humo walitambuliwa kwa kumbukumbu za madaktari wao wa meno. Mpaka leo ajali ikiwa kubwa, wataalamu huomba eksirei za meno. Tunawezaje kusema kwamba kitu kinachomtambulisha mtu aliyeungua hakimtambulishi aliye hai, mwenye kidoti juu ya mdomo, mbele ya daktari anayekutana na mama yake kila wiki?

Kufunika macho nako hakutoshi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeshasema wazi kwamba kuziba sehemu ya macho pichani hakumfichi mgonjwa vya kutosha. Watu hutambulika kwa mwanya, kwa midomo, kwa kovu, kwa hereni. Halafu kuna yasiyoonekana: faili la eksirei ya kidijitali kwa kawaida hubeba ndani yake jina na tarehe ya kuzaliwa hata ukifuta maandishi ya kona, na picha ya simu inaweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. Picha iliyopokelewa kwenye kundi huweza kujihifadhi yenyewe kwenye simu za waliomo, pamoja na picha za harusi na za watoto, na simu hizo hushikwa na wengine nyumbani.

Kuomba mawazo ya wenzako ni jambo jema, na simtaki bosi wako aache. Mgonjwa hufaidika daktari anapouliza. Ila aulize akiwa ametoa jina, amekata picha ibakie meno tu, ameacha yale ya historia yasiyobadilisha jibu, na amewauliza wachache wanaolijua jambo, kwa njia ambayo kliniki inaidhibiti. Mtu wa kushauri kuhusu kofia za meno hahitaji kujua mgonjwa ni nani, na wakati mwingine hahitaji hata kujua chanzo ni kujitapisha. Fundi naye anapopelekewa vipimo anatosheka na namba ya faili.

Ukurasa wa kliniki ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa pale picha haimsaidii mgonjwa. Inasaidia biashara. Biashara si dhambi, lakini hapo ruhusa ya matibabu haitoshi. Inatakiwa ridhaa ya pekee, ya maandishi, inayosema picha ipi, itawekwa wapi, kwa muda gani, na kwamba akibadili mawazo itaondolewa, ingawa aambiwe ukweli kwamba kilichokwisha kusambaa hakikusanyiki tena. Isiombwe mdomo ukiwa na ganzi, wala isifungwe kwenye punguzo la bei. Mgonjwa anayeogopa kumwudhi daktari aliyeshika sindano hajaridhia. Kwa binti huyu ningemshauri bosi asiombe kabisa. Meno yaliyolika namna ile, daktari yeyote akiyatazama anaijua sababu. Picha ya "kabla" ni cheti cha ugonjwa wake.

Utamwambiaje? Usimwambie mbele ya mgonjwa, wala mbele ya wenzako, wala kwa ujumbe. Subiri siku mmemaliza, vifaa vimeshasafishwa. Anza na mgonjwa, si na kanuni: "Mzee, yule binti alituomba mama yake asijue. Kwenye kundi yumo fulani anayemjua mama, na jina linaonekana kwenye eksirei. Naogopa habari isije ikamfikia. Tunaweza kuifuta leo?" Nina imani mtu ambaye si mbaya, kama unavyosema, ataitoa simu mfukoni saa hiyo hiyo. Aifute kwa wote, na awaombe waliomo waifute kwao. Kisha, siku nyingine, mletee fomu ya ridhaa uliyoiandaa na pendekezo kwamba picha zote zipigwe kwa kamera ya kliniki na kuhifadhiwa kwenye kompyuta yenye nywila. Mzee hupokea vizuri kazi iliyokwisha kufanywa kuliko lawama. Akikwambia unazidisha, mweleze kwamba mwaka 2019 kliniki moja ya meno nchini Marekani ililipa dola 10,000 kumaliza shauri na serikali, baada ya kumjibu mgonjwa aliyeandika maoni mtandaoni na kumtaja jina la ukoo pamoja na habari za afya yake.

Binti aambiwe? Ndiyo. Najua ungependa nikwambie vingine. Lakini hizo ni habari zake, zimefika mahali asipopajua, na anaweza kuhitaji kujiandaa, hata kuamua kumwambia mama kabla hajasikia kwingine. Mwenye kumwambia ni daktari, kwa sababu ndiye aliyetuma. Amwambie kilichotumwa, kilipotumwa, alichofanya kukirudisha, na amwombe radhi bila kujitetea. Usimtangulie kwa kumnong'oneza nyumbani. Mpe daktari nafasi ya siku chache, ukimkumbusha. Kama kuna dalili kwamba habari tayari inaelekea kwa mama, siku chache ni nyingi, mwambie daktari hivyo.

Na akikataa yote? Andika pembeni tarehe na ulichomwambia, bila kutaja ugonjwa wala jina la mgonjwa. Mwambie kwa mara ya pili, safari hii kwa maandishi ya heshima. Asiposikia, yapo mabaraza yanayosajili madaktari wa meno na ofisi zinazosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, nazo hupokea taarifa za watumishi. Ulizia kwanza, bila kutaja majina, sheria ya kwenu inamlindaje mtumishi anayeripoti. Sikusukumi huko leo. Bado hujazungumza naye, umemdokezea tu, na alipocheka ukaondoka.

Anza na rufaa ya binti. Kesho asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mwulize daktari kama barua imeshaandikwa.